Siku Tatu Bogotá: Maswali Yenu na Majibu

Kolombia si iko karibu na Ikweta? Sweta ya nini? (Tanga)

Swali hili halichoki kuja. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, iko mita 2,640 juu ya usawa wa bahari, chini kidogo tu ya kituo cha Mandara kule Kilimanjaro. Alfajiri ni nyuzi 8 hivi, mchana 20 hivi, mwaka mzima. Beba sweta, koti la mvua na kofia, maana jua la huko juu linaunguza hata pakiwa na baridi.

Nikitua saa nne asubuhi, mchana naweza kupanda Monserrate? (Dar es Salaam)

Usithubutu. Kilele kile kiko mita 3,152, nawe umetoka ufukweni. Kichwa kitagonga, pumzi zitakatika, na usiku hutalala. Siku ya kwanza tembea taratibu mtaa wa La Candelaria, kunywa maji, pombe iache. Mlimani nenda siku ya tatu, asubuhi, kwa sababu mvua hupenda alasiri. Panda kwa gari la kamba au treni ya mlimani. Njia ya miguu ina ngazi zaidi ya 1,600, hufungwa Jumanne, na vibaka huwavizia wanaopita wakati hakuna watu.

Hili hukuuliza, lakini lisikie: mwenye selimundu asikate tiketi kabla ya kumwona daktari. Hewa nyepesi humletea maumivu makali, na hata aliyerithi nusu tu anaweza kuumia bandama.

Nina Jumatatu na Jumanne tu. Zinatosha? (Nairobi)

Umechagua siku mbovu kuliko zote. Jumba la makumbusho ya dhahabu, Museo del Oro, hufungwa Jumatatu. Lile la mchoraji Fernando Botero hufungwa Jumanne. Kwa hiyo anza na Botero, ambalo ni bure: mchoraji mwenyewe alitoa zawadi mwaka 2000 kazi zake 123 na za wengine 85. Jumanne nenda kwenye dhahabu. Usikimbilie kupiga picha kila kabati. Tafuta chelezo cha dhahabu cha Wamuisca, wenyeji wa asili wa eneo hilo, kilichookotwa pangoni Pasca mwaka 1969. Hakizidi sentimita 20. Chifu amesimama katikati, mkubwa kuliko wote, na watu wake wamemzunguka, wadogo kama punje. Kitazame kwa karibu uone nakshi zake nyembamba kama nyuzi.

Ukiweza kuhamisha safari, ingiza Jumapili: dhahabu huonwa bure, na kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana zaidi ya kilomita 120 za barabara huachiwa baiskeli na waenda kwa miguu. Na tazama kalenda: sikukuu zao nyingi husogezwa Jumatatu kisheria.

Usafiri wa mjini ukoje? (Kigamboni)

Mabasi ya TransMilenio ndiyo mfano walioutazama waliojenga mwendokasi wenu, na msongamano wake hautakushangaza. Nunua kadi ya nauli, TuLlave, begi liwe kifuani. Ukipotea, tazama milima: huko ni mashariki. Anwani ya Carrera 7 # 12-35 maana yake uko barabara ya Carrera ya 7, mita 35 kutoka kona yake na Calle ya 12, barabara inayoikata.

Kuna ziara za Escobar? (Kampala)

Huyo mlanguzi wa dawa za kulevya alikuwa wa mji wa Medellín. Waliofiwa bado wapo, uliza kitu kingine.

Sili nguruwe. Nitakula nini? (Unguja)

Ajiaco: supu ya kuku, viazi vya aina tatu na hindi. Kiazi kidogo cha njano huyeyuka na kuifanya nzito. Harufu yake hutoka kwenye guascas, gugu lilelile lenye vijiua vya njano na petali tano nyeupe mnalong'oa shambani. Uchinjaji ni suala jingine, uliza. Tamale (unga wa mahindi uliofungwa majanini na kupikwa) na maharage usiyaamini bila kusema "sin cerdo", yaani bila nguruwe.

Usalama? (Mombasa)

Wenyeji husema "usitoe papai", yaani usimrahisishie mwizi kazi. Simu isitoke mfukoni barabarani, teksi iitwe kwa programu. Kuwekewa "mchele", yaani dawa ya kulevya kwenye kinywaji, huko kupo, wao huita burundanga: glasi uliyoiacha mezani hata dakika moja, usiirudie.

Cheti cha homa ya manjano? (wengi mno)

Chanja siku 10 kabla ya safari, cheti hudumu maisha. Usikitupe ukishafika: Kolombia ina ugonjwa huo, na ukirudi nyumbani utadaiwa. Na tiketi ya bei poa inayopitia Miami inahitaji viza ya Marekani, hata kama hutoki nje ya uwanja.