Jumla ya kopepodi ikiwa ile ile, je, jamii ya planktoni haijabadilika?

Swali: Kituo chetu kimehesabu kopepodi (wanyama wadogo sana wa majini wa kundi la kamba na kaa) mahali pamoja baharini kwa miaka mingi, na jumla yao ya mwaka haionyeshi kupanda wala kushuka. Je, tunaweza kuandika kwamba jamii ya planktoni, yaani viumbe wadogo wanaochukuliwa na mikondo ya maji, haijabadilika?

Jibu: Hapana. Jumla ya mwaka huficha mambo mawili ya msingi, yaani ni spishi zipi zilizopo na kila moja hufikia kilele msimu gani. Mfano ulio wazi unatoka Bahari ya Kaskazini, ambako chombo cha kukusanya planktoni alichobuni mwanabiolojia wa bahari Alister Hardy kimekuwa kikikokotwa na meli za biashara tangu mwaka 1931, kikichuja maji kwa kitambaa cha hariri chenye matundu ya mikroni 270 (milimita 0.27). Humo kopepodi Calanus finmarchicus wa maji baridi, anayestawi majira ya kuchipua, amepungua kwa miongo kadhaa, huku Calanus helgolandicus wa maji yenye joto zaidi, ambaye huwa wengi kuanzia mwishoni mwa kiangazi, akiongezeka. Wawili hawa wanafanana mno. Hutenganishwa chini ya hadubini kwa kutazama mguu wa tano wa kuogelea, ambao safu ya meno kwenye ukingo wake wa ndani huwa karibu imenyooka kwa finmarchicus na imepinda kwa helgolandicus. Anayewaandika wote “Calanus” hataliona badiliko hilo, hata ahesabu kwa uangalifu wa namna gani. Nalo ni badiliko zito, kwani vifaranga vya samaki Gadus morhua huhitaji kopepodi wakubwa tangu majira ya kuchipua, na chakula kinachokuja miezi kadhaa baadaye hakiwaokoi.

Kagueni pia kumbukumbu za wavu. Ikiwa ukubwa wa matundu uliwahi kubadilishwa, kopepodi wadogo kama Oithona, ambao hupenya kwa urahisi, wataonekana kuongezeka au kupungua ilhali baharini hakuna kilichotokea. Wala msiharakishe kutaja ongezeko la joto duniani, maana hali ya hewa ya bahari ina mawimbi yake ya miongo, na mfululizo mfupi unaweza kuangukia sehemu moja tu ya wimbi hilo.

Ninachowashauri ni kuzirudia sampuli za zamani, mkianza na zile za kwanza kabisa, na kuzihesabu upya kwa spishi na kwa mwezi. Kama mtataka baadaye kuchunguza vinasaba, sampuli mpya zigawanywe, sehemu moja ihifadhiwe kwenye formalini na nyingine kwenye ethanoli, kwa sababu formalini huharibu DNA.