Mama, wananitaka niwe mkurugenzi lakini kura wapige wao

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 36, napikia wafanyakazi wa makandarasi hapa Lindi, na kampuni yangu nimeisajili BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni. Kuna kampuni ya nje inayohudumia kambi za wafanyakazi, inajiandaa na mradi wa gesi wa Likong'o. Wanataka tufungue kampuni ya ubia, wao asilimia 75 na mimi 25, niwe mkurugenzi. Hisa zangu watazilipia wao, na kila mwezi nitapewa shilingi 600,000. Ila kuna karatasi mbili wanataka nisaini mapema. Moja ni fomu ya kuhamisha hisa, haina tarehe wala jina la anayehamishiwa. Nyingine inampa mkurugenzi wao ruhusa ya kunipigia kura kwenye bodi siku zote. Mume wangu anasema bahati haiji mara mbili. Unasemaje?
Msomaji wa Mtanda, Lindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Karatasi hizo mbili usizisaini.

Ubia wenyewe sina neno nao. Nataka kwanza ujue kwa nini wamebisha hodi kwako. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inataka miradi ya mafuta na gesi inunue bidhaa na huduma kwa Watanzania, na kisichopatikana nchini kiletwe na kampuni iliyoingia ubia na kampuni ya hapa yenye hisa zisizopungua asilimia 25. Hiyo 25 yako imetoka hapo. Hawakukupa kwa kukuonea huruma, wala si fadhila yao. Wanakuhitaji, na anayehitajiwa ana haki ya kutaja masharti yake.

Sasa itazame ile fomu isiyo na tarehe. Itakaa kwenye droo yao. Siku ukiuliza swali wasilolipenda wataijaza tarehe na jina, na kwenye makaratasi itaonekana umeuza hisa zako kwa hiari. Ile ya pili inakunyang'anya hata sauti. Utabaki mkurugenzi asiye na hisa za uhakika wala kura, na kilichobaki kwako ni saini tu.

Na saini ina mzigo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inawagusa wasimamizi wa kampuni wao wenyewe pale kampuni isipolipa kodi kwa wakati, mpaka waonyeshe kwamba walichukua tahadhari inayostahili. Wewe ambaye kura umempa mtu mwingine, tahadhari yako utaionyesha wapi? Katika miaka yangu ya uhasibu hapa Mtwara nilimhudumia mama mmoja aliyeletewa madai ya kodi ya kampuni ambayo hata ofisi yake hakuwahi kuingia. Jina lake lilikuwa juu kabisa kwenye orodha ya wakurugenzi. Alikuja kwangu na bahasha mkononi, ananiuliza kwa sauti ya chini kama nyumba yake itachukuliwa. Sipendi uje kuniuliza hivyo.

Kuna na jambo la BRELA. Tangu Sheria ya Kampuni irekebishwe mwaka 2020, kampuni inatakiwa kutaja wamiliki wake wa kweli, yaani wale wanaonufaika na kuiendesha. Ukijaza kwamba hisa ni zako huku fomu iko kwao, umeidanganya serikali, na aliyedanganya ni wewe uliyesaini.

Kwa hiyo rudi mezani, tena na wakili wako mwenyewe, asiwe wakili waliyekuletea wao. Waambie hisa zako utazilipia kwa mali: majiko, masufuria na gari la kusambazia chakula, vyote vithaminiwe. Mkataba wa ubia useme kwamba mkopo hauchukuliwi, mali haiuzwi na mkataba mkubwa hausainiwi bila kura yako. Benki saini ziwe mbili, moja yako. Mahesabu yakaguliwe kila mwaka na uyaone kabla ya kikao, na kama kiingereza cha vitabu vya hesabu kinakusumbua, mlipe mhasibu akae nawe siku moja akufafanulie kila mstari. Ile 600,000 waulize ni ya nini. Kama ni ada ya mkurugenzi, sawa, ila isikae mahali pa gawio la faida.

Wakikataa yote haya, wamekujibu.

Mweleze baba watoto taratibu, si adui huyo, anaona njaa ya nyumba. Mkumbushe tu yaliyotokea kwetu Mtwara. Gesi ilipovuma, miaka ya 2012 na 2013, watu walikopa wakajenga nyumba za wageni Shangani. Bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika 2015, makandarasi wakaondoka, vyumba vikabaki vitupu na marejesho ya benki yakaendelea. Jiko lako linalokulisha leo usilifunge kwa ajili ya mradi unaosubiriwa.

SWALI: Mama, nasikia kuna nchi ndogo za Ulaya sheria inalazimisha wanawake wawe asilimia 40 ya bodi. Wawekezaji si watakimbia?
Kijana wa Masasi

JIBU: Iceland walipitisha sheria hiyo 2010, ikaanza kubana 2013, kwa kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 50. Watu wa nchi nzima hawafiki 400,000. Viwanda vya alumini vya wageni havikuhama, maana vilifuata umeme wa maporomoko na wa joto la ardhini, na umeme huo huwezi kuubeba ukaenda nao. Hata kabla ya sheria, tangu 1997, kiwanda cha Straumsvík, kilichojengwa na Waswisi na baadaye kikawa cha Rio Tinto, kiliongozwa na mwanamke, mhandisi Rannveig Rist, kwa zaidi ya miaka 20.

Lakini nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Norwei ndio waliotangulia, sheria yao ni ya 2003, na viti vya bodi vilijaa wanawake huku nafasi ya mtendaji mkuu ikibaki ya wanaume kwa sehemu kubwa. Bodi inakutana mara chache kwa mwaka. Kila siku anayeamua ni mtendaji. Ukitaka kujua kama kampuni inawaamini wanawake, tazama nani anasaini hundi na nani anaongoza kiwanda. Na kwa kuwa unatoka Masasi, anza na chama chenu cha msingi cha korosho: bodi mnaichagua wenyewe, na mkutano mkuu hauhitaji kusubiri Bunge.