Shahada ya uuguzi na makato ya mkopo

SWALI: Binti yangu amechaguliwa kusomea shahada ya uuguzi hapa Tanzania, miaka 4 pamoja na mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo. Je, mkopo hautammalizia mshahara?

JIBU: Mzazi mwenzetu, usitazame ukubwa wa deni peke yake, bali kitakachobaki mkononi, kwa kuwa Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani shilingi 15,000 katika kila 100,000. Tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikivimbisha deni kila mwaka ilifutwa mwaka 2021. Kama bado una hofu, njia fupi zaidi ni stashahada ya uuguzi, ambayo huchukua miaka 3, na mwenye nayo anaweza kujiendeleza baadaye hadi shahada. Mimi ningehofia zaidi kusubiri ajira kuliko makato, maana asiye na mshahara hana cha kukatwa, na deni linabaki palepale.