Wale mama wa Uhuru Park walishinda kweli?

SWALI: Habari za kazi mhariri, mimi msomaji wenu wa Dodoma. Juzi kijiweni tulibishana sana kuhusu wale akina mama wa Kenya waliovua nguo Uhuru Park, ile bustani ya Nairobi, mwaka 1992. Mwenzangu anasema ile sio njia ya amani, ni fujo na aibu tu, na Rais Moi hakubadilika hata kidogo. Mi nasema walishinda. Nani yuko sahihi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Wewe uko karibu zaidi, ila mwenzako naye ana hoja moja, ntaifikia.

Vijana wa wale mama walikuwa wamefungwa kwa mambo ya siasa, na Desemba 1991 vyama vingi vikaruhusiwa, sasa mama anajiuliza kama kitu kimekuwa halali mbona mwanangu bado yuko ndani kwa kukidai? Februari 1992 wakampelekea mwanasheria mkuu Amos Wako madai yao, halafu wakakaa Uhuru Park wakagoma kula. Wangari Maathai, yule mwanaharakati wa mazingira, alikuwa nao, na yeye hakuwa na mtoto gerezani, dhamiri tu ndo ilimpeleka, kama ilivyompeleka 1989 kuandika barua kupinga jengo la ghorofa 60 kwenye bustani hiyohiyo (na halikujengwa).

Tarehe 3 Machi polisi wakaja na virungu na mabomu ya machozi, Maathai akapigwa mpaka akazimia. Hapo ndo baadhi ya wale mama wakavua nguo. Sasa hiyo aibu anayoisema mwenzako ni ya nani? Kwa Wakikuyu, na makabila mengine mengi tu, mama mtu mzima akimvulia nguo kijana wa umri wa mwanae ni laana, na wale askari walilijua hilo, nao wana mama zao. Hakuumizwa askari kwa nguo kuvuliwa, sasa fujo iko wapi, fujo ilikuja na virungu bwana.

Hoja ya mwenzako ni hii: Moi alishinda uchaguzi wa Desemba 1992, na Koigi wa Wamwere, ambaye mama yake Monica alikuwa mmoja wa wale mama, aliachiwa Januari 1993 na mwaka huohuo akakamatwa tena. Kwa hiyo serikali haikubadilika, sikatai. Ila akina mama hawakwenda pale kumng'oa rais, walifuata watoto wao, na mapema 1993 wengi wao walikuwa wameshatoka.

Mkibishana tena usianzie kwenye nguo maana hapo kila mtu anacheka na mjadala unaishia hapo, anzia kwenye kanisa la All Saints, pale jirani na bustani, walikokimbilia baada ya kufukuzwa. Walilala humo karibu mwaka mzima wakisubiri wafungwa waachiwe, muulize mwenzako kama hilo nalo ni fujo.