Muda Tunaoupoteza Katika Kutengeneza Mabomba ya Sindano

Nilipokabidhiwa jukumu la kupunguza muda wa uzalishaji katika kiwanda cha mabomba ya sindano, nilianzia kwenye mashine zinazosukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kila mzunguko wa mashine hizo ni kungoja plastiki ipoe, niliagiza sekunde za kupooza zipunguzwe. Haukupita muda mrefu kabla wakaguzi wa ubora hawajakuta mirija iliyopinda kidogo, ambayo pistoni yake haikuteleza sawasawa, na bechi nzima, yaani fungu lote lililotengenezwa pamoja, ikazuiliwa. Bomba kama hilo lingeweza kufika mkononi mwa muuguzi anayemchoma mtoto chanjo, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Unene wa plastiki ukiongezeka mara mbili, muda wa kupoa huongezeka takriban mara nne. Kwa hiyo tiba yake iko katika umbo la kifaa chenyewe na katika njia za maji zilizomo ndani ya kalibu, na badiliko lolote la aina hiyo lithibitishwe kwanza kwa majaribio.

Nawashauri wenzangu waanze kwa kuifuata bechi moja kwa miguu, wakiandika saa iliyoingia na saa iliyotoka katika kila kituo. Niliyoifuata mimi ilikaa kiwandani karibu wiki tatu, na muda mwingi ilikuwa imepangwa tu juu ya paleti. Hesabu yake ni nyepesi: ikiwa masanduku 300 yako ndani na kiwanda hutoa 30 kwa siku, kila sanduku litakaa wastani wa siku 10, hata mashine ya mwanzo ikikimbizwa namna gani. Tulipoacha kuanzisha bechi mpya kabla ya kituo kinachofuata kuwa na nafasi, muda ulipungua bila kununua chochote.

Kusubiri kuzito zaidi kuko kwenye kuua vijidudu kwa gesi ya ethilini oksidi. Baada ya gesi, bidhaa hupewa muda wa kupungwa hewa ili mabaki ya sumu yatoke, na hapo pasiguswe bila vipimo. Lakini vipande vyenye mbegu za bakteria, vinavyowekwa ndani ya shehena ili kupima kama gesi imefanya kazi, kwa kawaida huoteshwa hadi siku 7. ISO 11135, kiwango cha kimataifa cha kuua vijidudu kwa gesi hiyo, kinaruhusu kuachilia bidhaa bila kungoja vipande hivyo, kwa kutegemea vipimo vya joto, unyevu, shinikizo na gesi yenyewe, mradi mchakato uwe umethibitishwa hivyo. Uthibitisho huo ni kazi ndefu na ya gharama, ila sijaona uwekezaji mwingine uliorudisha siku nyingi kiasi hicho.

Mwisho ni makaratasi. Kumbukumbu za bechi zilikuwa zikisomwa baada ya kila kitu kukamilika, na saini iliyosahaulika wiki mbili nyuma ilitulazimu kumtafuta mtu ambaye pengine yuko likizo. Siku hizi msimamizi husoma ukurasa wa kila kituo kabla masanduku hayajaondoka hapo, naye aliyefanya kazi hiyo akiwa bado amesimama mbele yake.