Rili ya baharini usiipeleke Sabaki

Sisi wa Malindi tumelelewa na bahari, na hilo ndilo lililoniponza. Siku ya kwanza kwenda kuvua mto Sabaki nilibeba rili, yaani mashine ya kukunjia mshipi wa kuvulia, ile ile ya kuvulia kolekole: kubwa, nzito, mshipi mnene kama kamba ya viatu. Mzee mmoja alikuwa ameketi ukingoni, mshipi wake kauzungushia kibao. Akanitazama juu mpaka chini. "Mwanangu, wataka kukokota jahazi?"

Hakukosea. Kwa kambare na perege, rili ya ukubwa wa namba 2500 inatosha sana. Ukiwinda perege peke yake, hata 1000. Dukani watakuhesabia gololi za ndani zinazoilainisha izunguke, eti hii ina kumi. Usihadaike, nne nzuri zashinda kumi zinazokwaruza. Wewe zungusha mkono wake polepole, sikio karibu. Ukisikia kama mchanga ndani, irudishe rafuni. Halafu legeza kidogo breki, ile inayozuia mshipi usitoke ovyo, uvute mshipi kwa vidole: utoke taratibu, bila kushtukashtuka. Breki inayoshtuka ndiyo hukata mshipi samaki anapochomoka.

Sasa mshipi, ambao ndio ulionitia adabu. Nilinunua ule wa kusokotwa, mwembamba, usiovutika, nikaufunga moja kwa moja kwenye spuli tupu, kile kigurudumu cha rili mshipi unapokunjwa. Magharibi kambare akashika. Nikakaza breki hadi mwisho, mshipi bado unakwenda. Nikaibana spuli kwa kiganja: imesimama tuli, ila mshipi wote unateleza juu yake kama pete kwenye kidole chenye sabuni. Kambare akajichimbia kwenye mizizi, yakaisha. Kumbe wa kusokotwa hutanguliziwa mizunguko kadhaa ya nailoni chini yake, ama japo kipande cha utepe wa gundi, upate kushika.

Siku hizi natumia nailoni ya milimita 0.30, inayobeba kama kilo 6. Maji ya Sabaki ni ya udongo, hasa mvua zikinyesha bara, kwa hiyo sioni haja ya kulipia wembamba ili samaki asiuone mshipi. Tena nailoni huvutika, ikapunguza kishindo. Kinywa cha kambare ni msasa mtupu, basi kila nikipata mmoja napitisha vidole kwenye mshipi juu ya ndoana. Pakiwa na mikwaruzo nakata, nafunga upya. Fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza.

Spuli ijaze ibaki milimita 2 hivi kufika ukingoni. Ukipitiliza, mshipi utamwagika mafundo matupu. Ukipunguza, chubwi haiendi mbali.

Breki naipima kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu, ambayo ni kilo moja na nusu. Naining'iniza kwenye mshipi, nalegeza hadi ianze kushuka polepole, naacha hapo hapo. Ukivulia karibu na mlango wa mto, suuza rili kwa maji matamu kabla chumvi haijakauka. Na usimame mbali na maji. Mamba wa Sabaki si hadithi.

Mzee yule bado ana kibao chake. Juzi nilimpa rili yangu aijaribu. Akaizungusha mara mbili, akaisogeza sikioni, akanirudishia.

"Yakwaruza hii."