Albamu ya pili: msikilize anayeomba wimbo urudiwe

Tangu albamu yetu ya pili itoke, vijana wa bendi ndogo za hapa Dodoma wananiuliza jambo moja: "Kaka, watu wameipokeaje?" Wengi wao wana albamu moja tayari. Wanapiga roki ya gereji au muziki unaokaribiana nayo: magitaa mawili, besi, dramu na sauti inayokwaruza. Wanachotaka kujua hasa ni kama nao wathubutu. Nawajibu hapa kwa kirefu, maana muziki huu naupenda na sitaki kuuona ukiishia kwenye albamu moja moja mjini kwetu.

Mapokezi ya albamu ya pili huja na lawama mbili, na jiandaeni kuzipata zote pamoja. Huyu atasema mmejirudia, yule atasema mmebadilika. Sisi tulizisikia zote mbili kutoka kwa wanafunzi wanaolala chumba kimoja hosteli. Wote wawili wanapima kwa albamu ya kwanza, ile mliyoiandika kwa miaka bila mtu yeyote kuisubiri.

Hata wakubwa hawakuzikwepa. The Strokes, bendi ya roki ya New York, walitoa albamu ya kwanza mwaka 2001. Walipoanza ya pili walijaribu prodyuza mwingine, Nigel Godrich, kisha wakamrudia Gordon Raphael aliyewarekodi mwanzo. Ilipotoka mwaka 2003, baadhi ya wahakiki wakasema ni ile ile ya zamani. The Stooges, bendi ya Marekani ya zamani zaidi, walishika njia nyingine: mwaka 1970, kwenye albamu yao ya pili, waliingiza saksafoni na kelele nzito kuliko za mwanzo. Ikanunuliwa na wachache, na baada ya muda mfupi kampuni ikaachana nao. Leo wanamuziki na wahakiki wengi wanaihesabu miongoni mwa kazi kubwa kabisa za roki. Kama kujirudia kunalaumiwa na kubadilika kunalaumiwa, basi hofu ya lawama isiwachagulie nyimbo.

Nyimbo zichaguliwe na jukwaa. Prodyuza wa The Stooges kwenye albamu hiyo, Don Gallucci, aliamua kuwarekodi vile wanavyopiga mbele ya watu. Ndani ya studio walisimama karibu karibu kama wako kwenye shoo, na mwimbaji wao Iggy Pop akaimba maiki ikiwa mkononi. Walikaa na wimbo mmoja wakiurudia na kuurudia hadi upatikane ule wenye moto. Mwaka 1999 marudio yote hayo yalitolewa, yakajaza CD 7. Ukiyasikiliza unatambua kwamba wimbo walikuwa nao tayari tangu wanaingia. Walichokuwa wakikitafuta ni namna ya kuupiga.

Sasa, jukwaa la kujaribia nyimbo mpya Dodoma liko wapi? Lipo, ila halifanani na mnaloliota. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la bajeti linapokaa, mji hujaa wageni, na baa na hoteli hutafuta bendi. Wanataka kopi, yaani nyimbo za watu wengine: rhumba na zilipendwa. Najua vijana wengi wa roki wanaona ni kujishusha. Mimi naheshimu sana kazi ile. Pesa ya kurekodi albamu yetu ilitoka humo, na ni humo tulikojifunza kushika mapigo kwa saa nyingi bila kuyumba. Halafu, usiku ukishakolea na watu wameshakula, chomekeni wimbo wenu mmoja katikati ya kopi mbili, bila kuutangaza. Msiangalie makofi, maana watu wa Dodoma ni waungwana, watawapigia tu. Subirini mtu amtume mhudumu aje kuuliza ule wimbo wa katikati ni wa nani, na kama unaweza kurudiwa. Wimbo ulioombwa hivyo kwenye kumbi tofauti, na watu wasiojuana, uingie kwenye albamu hata kama ninyi wenyewe mmeuchoka.

Kutoa albamu ni jambo jingine. Msitoe wakati vyuo vimefungwa. Wasikilizaji wa magitaa hapa wengi ni wanafunzi wa UDOM, Mipango, CBE na Mtakatifu Yohana, na wakiondoka katikati ya mwaka mtapiga shoo mbele ya viti. Subirini wafungue.

Kurekodi fanyeni kiangazi. Chumba chetu cha mazoezi ni fremu ya duka yenye paa la bati, na mvua ikigonga bati hakuna maiki itakayosikia kingine. Mvua za kwetu huanza kama Desemba na kukoma Aprili, kwa hiyo kiangazi ni kirefu, ingawa katikati ya mwaka upepo nao una vurugu zake. Tundikeni magodoro na mablanketi mazito ukutani ili mwangwi upungue. Trei za mayai achaneni nazo, hazizuii sauti. The Black Keys, bendi ya Marekani ya watu wawili, walirekodi albamu yao ya pili, iliyotoka mwaka 2003, kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mpiga dramu wao kule Akron, Ohio, kwa saa 14 hivi, na mashine kuukuu ya tepu. Chumba kibovu hakimzuii mtu aliyefanya mazoezi.

Na prodyuza elewaneni mapema. Maprodyuza wengi wamezoea kujenga biti kwanza, kisha kila mtu aingie peke yake. Mwambieni mnapiga wote kwa pamoja. Mkiwa na maiki nne tu za dramu zinatosha: moja kwenye dramu kubwa ya mguu, moja kwenye sneya (ile dramu ndogo yenye mlio mkali), mbili juu. Sauti ya kuimba mnaweza kuirekodi baadaye.

Sasa jambo ninalolijali kuliko yote. Kwenye albamu hii tuliweka zeze, na mapigo ya muheme, ngoma wanayoipiga kina mama wa Kigogo, tukayahamishia kwenye dramu. Hapo ndipo tulipoambiwa tumeacha roki. Siafiki hata kidogo. Marehemu mzee Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka zeze na sauti yake duniani, alirekodi na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada mwanzoni mwa miaka ya 2000, na zeze haikupungukiwa kitu kwa kukaa na gitaa la umeme. Mkwaruzo wa uta juu ya nyuzi za zeze ni mkali kuliko ampli nyingi nilizowahi kuchomeka. Ila msiliweke kama pambo. Zimeni magitaa msikilize: kama zeze na ngoma peke yake haviubebi wimbo, viondoeni. Mpiga zeze alipwe kama mwanamuziki mwenzenu, makubaliano yaandikwe, na mkienda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kusajili kazi, jina lake liwepo. Wimbo wetu wenye zeze ndio unaoombwa kuliko mwingine wowote.

Maoni ya mtandaoni asiyasome kila mtu. Mchagueni mmoja mwenye moyo mtulivu, ayakusanye, ayalete mazoezini wiki kadhaa baadaye. "Mmeshuka" au "moto sana" hayana kazi mezani. Anayesema besi inameza maneno kwenye wimbo fulani huyo kawasikiliza, mfanyieni kazi. Ndiyo maana kabla ya kutoa, miksi isikilizwe kwenye simu ya bei ndogo, kwenye daladala na kwenye spika ya kinyozi, kwa sababu huko ndiko itakakoishi.

Na mkipeleka redioni, pelekeni wimbo mmoja, ule ulioombwa urudiwe, hata kama si ule bendi inaoupenda. Mtangazaji akiuliza kwa nini mmebadilika, mwambieni aupige kwanza, mtajibu ukiisha.